Kuacha pombe ukiwa njiani: Kikundi huanza na watu wawili

Anayevuka Mto Ruvuma kati ya Kilambo, mkoani Mtwara, na Namoto, upande wa Msumbiji, hupanga safari yake kwa kufuata maji. Maji yakitoka boti hukwama, na wenye mizigo hukaa ukingoni kusubiri. Kwa baadhi yao, saa hizo za kusubiri ndizo saa za kinywaji: bia kwa mwenye fedha, na kwa asiyenazo, uraka wa mabibo au nipa, pombe kali inayopikwa pande zote mbili za mpaka.

Wengi hunywa wakaishia hapo. Wapo ambao hawawezi kuishia hapo. Mali kauli haijalipwa, daftari la madeni limepotea, mzigo umeachiwa mtu asiyejulikana, na nyumbani simu haipokelewi. Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado kuna sababu nyingine pia. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na shambulio la Palma la Machi 2021, viliua watu, vikachoma maduka na kutawanya familia. Kuna wanaokunywa ili walale.

Anayetaka kuacha hukutana na ukuta wa aibu. Katika miji ya Wamwani, ambako wengi ni Waislamu, mlevi hunywa kwa kujificha, na kuomba msaada ni sawa na kujianika. Mji ni mdogo na kila mtu anamjua mwenzake.

Hapo ndipo historia ya vikundi vya kusaidiana inapomhusu mfanyabiashara. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa hotelini katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Dili lililompeleka huko lilikuwa limeharibika, na alikuwa na miezi michache tu tangu aache pombe. Baa ya hoteli ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Badala ya kuingia, alishika simu na kuanza kuwapigia viongozi wa makanisa, akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Robert Smith. Daktari aliahidi dakika 15, lakini mazungumzo yakachukua saa kadhaa. Tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA.

Utaratibu wa AA haujabadilika sana tangu hapo. Hakuna ada wala fomu ya kujiunga. Sharti ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Watu hujitambulisha kwa jina la kwanza, na kila mmoja huzungumzia maisha yake mwenyewe bila kuhubiriwa wala kukatizwa. Linalosemwa ndani hubaki ndani. Mungu hutajwa kwa namna kila mmoja anavyomfahamu, kwa hiyo Mwislamu na Mkristo hukaa benchi moja. Lengo si kuapa kuacha maisha yote, ni kutokunywa leo.

Msafiri asitegemee kukuta kibao barabarani Palma. Nairobi na Dar es Salaam kuna mikutano ya ana kwa ana, na Zanzibar, tangu 2009, nyumba za kupata nafuu, maarufu kama soba hausi, zimekuwa zikitumia hatua 12 zilizotokana na AA. Kwa aliye mpakani, njia ya karibu ni simu. Akitafuta mtandaoni jina “Alcoólicos Anónimos”, atapata mikutano ya Kireno ya Ureno na Brazili inayofanyika kwa intaneti, na anaweza kusikiliza bila kuonyesha sura. Achunge saa tu: Mtwara imeitangulia Palma kwa saa moja, na Palma imeitangulia Brasília kwa saa tano. Mkutano wa saa moja jioni Brasília ni saa sita usiku Palma.

Mtandao ukikatika, inabaki njia ya Akron. Kwa mujibu wa AA, walevi wawili au watatu wanaokutana ili waache pombe tayari ni kikundi. Wafanyabiashara wawili wanaovuka Ruvuma kila wiki wanaweza kupeana ahadi ya kukaa pamoja kwa saa moja wakisubiri maji, na kupigiana simu kiu inapobana, kabla ya glasi ya kwanza.

Tahadhari ni moja. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake. Katika siku chache za mwanzo anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kupata degedege, na hali hiyo inaweza kuua. Aanzie hospitali: Ligula kwa aliye Mtwara, hospitali ya mkoa ya Pemba au kituo cha afya kilicho karibu kwa aliye upande wa pili. Kikundi humsaidia kubaki bila pombe. Dalili hizo hutibiwa na daktari.

Maji yatarudi na boti itaondoka. Swali ni nani atakuwa amekaa naye wakati wa kusubiri.