Kibutsi: Kijiji cha Mfuko Mmoja

Neno "kibutsi" ni la Kiebrania, na maana yake ni mkusanyiko. Kibutsi cha kwanza, Degania, kilianzishwa mwaka 1910 kusini mwa Bahari ya Galilaya. Kazi na mapato vilikuwa vya wote. Chakula kililiwa katika bwalo moja, wala hapakuwa na mshahara.

Jambo zito lilikuwa malezi. Katika vibutsi vingi watoto walilala katika nyumba yao wenyewe, chini ya walezi, na wazazi walikaa nao saa chache za jioni. Shabaha ilikuwa usawa, na kumpunguzia mama mzigo. Hata hivyo, wazazi wengi walitaka wana wao walale nyumbani, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 desturi hiyo ilikwisha. Shamba laweza kuwa la wote. Mtoto aliaye usiku humwita mamaye.