Povu la Mvinyo Hutoka Wapi?

Ndugu msomaji, pombe ya asali, yaani wanzuki, unaijua. Ukiiweka katika chombo, inachemka bila moto. Povu linapanda juu. Ukiifunga kwa nguvu kabla haijatulia, kizibo kinaruka au chombo kinapasuka. Je, ni nini kinachosukuma?

Ukilijua jibu, utaelewa jinsi mvinyo mweupe wenye povu unavyotengenezwa. Huu ni mvinyo ambao watu hufungua katika harusi na sherehe nyingine. Utaelewa pia jambo ambalo mkulima wa Singida lazima alijue kabla ya kupanda mzabibu.

Chachu na sukari

Asali ina sukari. Zabibu pia zina sukari. Chachu ni vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Hamira ya maandazi ni chachu. Chachu hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo na hewa ya ukaa. Hewa hiyo ndiyo inayoumua maandazi. Hewa hiyo ndiyo inayofanya povu la pombe.

Chombo kikiwa wazi, hewa hutoka na kupotea. Chombo kikifungwa, hewa hukosa njia, nayo husukuma. Kwa hiyo, usifunge kamwe wanzuki inayochemka katika chupa ya kioo. Chupa ikipasuka, vipande vyake vinaweza kukupofua.

Familia ya Malan

Watu wa jimbo la Champagne, huko Ufaransa, walijifunza kuifungia hewa hiyo ndani ya chupa. Haikuwa kazi rahisi. Zamani chupa nyingi zilipasuka. Wafanyakazi walivaa vinyago vya chuma ili kulinda nyuso zao.

Katika Afrika Kusini kuna familia ya Malan. Wazee wa ukoo huo walitoka Ufaransa zaidi ya miaka 300 iliyopita. Shamba lao linaitwa Simonsig, nalo liko karibu na mji wa Stellenbosch. Mwaka 1971 Frans Malan alitengeneza mvinyo mweupe wenye povu kwa njia ya Champagne. Ulikuwa wa kwanza wa namna hiyo katika nchi ile. Aliuita Kaapse Vonkel, maana yake "cheche ya Rasi". Wakati huo Afrika Kusini ilikuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, na Tanzania ilisusia bidhaa zake. Utawala huo uliisha mwaka 1994. Baada ya Frans, wanawe waliendeleza kazi ya baba yao.

Jinsi mvinyo huo unavyotengenezwa

1. Zabibu huvunwa mapema kidogo, zikiwa bado na ukali.
2. Hukamuliwa polepole. Maji yake huchachuka katika pipa na kuwa mvinyo mweupe. Hapa hewa hutoka na kupotea.
3. Mvinyo hutiwa katika chupa nene, pamoja na sukari kidogo iliyopimwa na chachu. Kisha chupa hufungwa.
4. Chupa hulazwa mahali penye giza na ubaridi kwa miezi mingi. Chachu hula sukari. Hewa haina pa kutokea, basi huingia ndani ya mvinyo.
5. Chupa huzungushwa na kuinamishwa kidogo kidogo mpaka shingo itazame chini. Mashapo ya chachu hukusanyika shingoni.
6. Shingo hugandishwa kwa baridi kali. Chupa ikifunguliwa, kipande cha barafu chenye mashapo huruka nje.
7. Mvinyo huongezwa mpaka chupa ijae. Kisha huwekwa kizibo na kufungwa kwa waya.

Nguvu ya hewa katika chupa hiyo huzidi mara mbili nguvu ya upepo katika tairi la gari dogo. Ndiyo maana kizibo hufungwa kwa waya.

Zabibu za jirani zetu

Kaapse Vonkel ya kwanza ilitengenezwa kwa zabibu nyeupe ziitwazo Chenin Blanc. Zabibu hizo hizo hulimwa Dodoma, mkoa jirani na Singida. Wamisionari Wakatoliki ndio walioanza kupanda mizabibu huko. Baadaye kituo cha utafiti cha Makutupora kiliwasaidia wakulima. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nchi nyingi za baridi huvuna mara moja tu.

Lakini zabibu haiwezi kusubiri kama mtama. Mtama ukikauka vizuri, utauweka ghalani. Zabibu ikivunwa, huharibika baada ya siku chache. Kiwanda cha umma cha mvinyo, DOWICO, kiliposimama katika miaka ya 1990, wakulima wengi wa Dodoma walikosa soko. Baadaye viwanda vingine vilifunguliwa.

Kabla hujapanda

Thamani kubwa ya mvinyo ule haitoki shambani peke yake. Hutoka pia katika pipa, katika chupa na katika miezi ya kungoja. Anayeuza zabibu mbichi hulipwa kwa zabibu tu. Tena, asiye na mahali pa kukamulia hulazimika kukubali bei ya mnunuzi, au aache mazao yaoze.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, usikimbilie kununua miche. Mzabibu hauzai mwaka unaopandwa. Unahitaji nguzo, maji, dawa na kupogolewa. Kwanza mtafute mnunuzi, mkaandikiane mkataba. Au ungana na wenzako katika ushirika, mpate mashine yenu ya kukamulia. Haraka haraka haina baraka.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini chupa ya wanzuki inayochemka inaweza kupasuka?
2. Zabibu na mtama zinatofautiana namna gani baada ya kuvunwa?
3. Taja zao moja la kijiji chenu ambalo mnaliuza likiwa ghafi. Mnaweza kufanya nini ili liwape fedha zaidi?