Picha za Ajanta: Zimedumu miaka 1,500, sasa pumzi za watalii zinazitesa

Ukiingia pango namba 1 la Ajanta, jimbo la Maharashtra nchini India, mwanzoni huoni kitu. Taa ni hafifu, na viatu umeviacha nje. Subiri kidogo macho yazoee giza. Taratibu ukutani anatokeza mtu aliyeinamisha kichwa, ameshika ua la yungiyungi. Huyo ni Padmapani, anayeheshimiwa na Wabudha kwa huruma yake. Amekuwa hapo tangu karne ya 5.

Mapango haya ni ya nani?

Yako kama 30, yote yamechongwa ndani ya jabali. Watawa wa Kibudha waliyatumia kwa ibada na makazi. Ya zamani zaidi yalianza karne ya 2 kabla ya Kristo.

Baadaye yaliachwa, msitu ukayafunika. Mwaka 1819 ofisa wa jeshi la Uingereza, John Smith, aliyafikia akiwinda chui milia. Alifanya nini? Alikwaruza jina lake na tarehe juu ya picha, ndani ya pango namba 10. Mpaka leo lipo.

Zilichorwaje?

Mafundi waliparuza mwamba, wakaupaka udongo uliochanganywa na nyasi na maganda ya mpunga, kisha chokaa nyembamba juu yake. Rangi nyekundu na njano zilitoka kwenye udongo, nyeusi kwenye masizi. Buluu ilitoka kwenye jiwe la thamani lililoletwa kutoka mbali.

Shida iko wapi?

Rangi ilipakwa ukuta ukiwa umeshakauka, kwa hiyo haikuzama ndani. Imeshikwa na gundi tu. Watu wakijaa pangoni, pumzi na jasho vinaongeza unyevu, na rangi inaanza kubanduka. Wadudu nao wanakula yale majani yaliyomo kwenye udongo, huku popo wakichafua kuta.

Hata waliotaka kusaidia waliacha doa. Miaka ya 1920 wataalamu kutoka Italia walipaka vanishi ili kuzilinda. Vanishi ikageuka njano, ikazifubaza picha. Kuiondoa bila kung'oa rangi ni kazi ya subira.

Sasa inakuwaje?

Ajanta iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1983. Magari ya watalii yanaachwa kilomita kadhaa kabla ya mapango, na kupiga picha kwa flashi ni marufuku.

Ukienda, utazame nini?

Usikimbilie selfi. Tazama nyuso kwanza: wafalme, watumishi, wafanyabiashara, kila mmoja na hisia zake. Katika pango namba 2 tafuta jahazi lenye milingoti mitatu. Wachoraji hawa walichora dini, lakini pia walituachia maisha ya watu wa zama zao. Ukishatosheka, toka, umpishe mwingine. Ukuta nao unahitaji kupumzika.