Baiskeli Zimo Nyumbani, Njia Ndiyo Haipo

Wengi wetu tuna baiskeli nyumbani, lakini hatuthubutu kuitoa barabarani. Si uvivu. Ni matatu inayokupita karibu kukugusa kiwiko.

Mji wa Seville, Uhispania, ulikuwa na hofu hiyo hiyo. Kuanzia mwaka wa 2006 ulijenga takriban kilomita 80 za njia za baiskeli kwa muda mfupi, na waendeshaji wakaongezeka mara kadhaa. Njia hizo zilitengwa na magari kwa ukingo, si kwa mstari wa rangi tu. Tena ziliungana. Njia inayokatikia kwenye mzunguko wenye magari mengi haimfikishi mtu kazini.

Hapa Kenya, Barabara Kuu ya Thika iliyozinduliwa 2012 ilitengewa njia za baiskeli, ila pikipiki na wachuuzi huziingilia. Basi kujenga pekee hakutoshi. Panahitajika vigingi vya kuzuia pikipiki, taa za usiku, na mahali salama pa kufungia baiskeli sokoni na stejini. Wachuuzi nao watafutiwe nafasi, la sivyo watarudi kesho yake. (Hata bodaboda yenyewe ilianza na baiskeli, kule mpakani Busia.)

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Katika vikao vya wadi kabla ya tarehe hiyo, itaje barabara kwa jina, pamoja na mahali ambapo mtoto wako hulazimika kushuka na kuisukuma baiskeli akienda shule.