Hospitali Iliyofuata Kazi

Katika Katanga ya zamani, kusini mwa Kongo, afya ilikuja na ajira. Kampuni ya madini ya Union Minière, na baada ya kutaifishwa mwaka 1967 Gécamines, haikumpa mchimbaji mshahara peke yake. Mkewe alijifungulia hospitali ya kampuni, watoto walisoma shule yake, unga wa bukari ulitoka kwenye posho. Kampuni, watu walisema, ndiyo baba na ndiyo mama.

Baba huyo alianguka nchi ilipokuwa ikibadilika kisiasa. Aprili 1990 Rais Mobutu aliruhusu vyama vingi. Septemba mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Ukaja uporaji wa wanajeshi, kisha Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, wakafukuzwa Katanga, wakiwemo mafundi wengi. Gécamines, iliyozalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufikisha hata 50,000.

Mageuzi yalifuata: Sheria ya Madini ya 2002, halafu wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Walipewa fedha za mkupuo, na haki ya kutibiwa ikaisha pamoja na kazi. Malaria ilikuwa ileile. Kilichorefuka ni muda kati ya homa na daktari: familia isiyo na fedha hununua kwanza vidonge vichache dukani, husubiri, na mtoto hufikishwa hospitali damu imekwisha mwilini. Vifo vya namna hiyo havionekani kwenye hesabu za mageuzi.

Leo Kinsevere, kilomita 30 hivi kaskazini mwa Lubumbashi, kampuni ya MMG inachimba shaba tangu 2012. Uwekezaji umerudi, lakini mgodi wa mashine huajiri wachache, na jirani asiye na ajira humo hulipia matibabu mwenyewe. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inawatengea wenyeji asilimia 0.3 ya mauzo ya mgodi, na asilimia 15 ya mrabaha huenda kwa mamlaka za mahali. Hiyo ni hatua kubwa. Hofu yangu ni kwamba fedha hizi hukimbilia majengo, kwa sababu jengo huzinduliwa na kupigwa picha. Kwa maoni yangu, sehemu ya kwanza ya fedha hizo ingelipa mshahara wa muuguzi, dawa ya malaria na damu salama, kila mwezi, hata bei ya shaba ikishuka. Na hesabu zake zibandikwe ukutani pa kituo cha afya, kwa Kiswahili.