Mboga za kijani na sumukuvu ya mahindi: zinakinga kiasi gani?

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio liliondolewa na kuwekwa masharti, lakini wenye malori waliokwama mpakani hawajasahau. Tangu zamani tunasikia maneno kwamba ukila mboga za majani kwa wingi sumu hiyo haikupati. Kuna ukweli ndani yake, ila si wote.

Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa kemikali inayoshikamana na vinasaba na kuviharibu, na baada ya miaka mingi saratani ya ini inaweza kuanza. Ikiwa nyingi huua mapema. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya.

Klorofili, rangi inayofanya mchicha, kisamvu na sukuma wiki kuwa kijani, huweza kuinasa sumu hiyo ikiwa bado tumboni. Sumu iliyonaswa haiingii kwenye damu kwa urahisi, hutoka na choo. Kwa hiyo mboga ina maana ikiliwa pamoja na ugali wenyewe, si kesho yake.

Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Qidong, China, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2001. Watu wazima 180 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vidonge vya klorofilini, miligramu 100 mara tatu kwa siku pamoja na chakula, kwa miezi minne. Kwenye mkojo wao, alama za vinasaba vilivyoharibiwa na sumukuvu zilikuwa pungufu kwa asilimia 55 kuliko za wenzao. Lakini klorofilini hutengenezwa kutokana na klorofili, si fungu la mchicha la sokoni, na jaribio halikuhesabu wangapi waliepuka saratani.

Dereva mwenye kula ugali njiani kila siku asiache mboga. Mzigo ni habari nyingine. Kiwango cha Afrika Mashariki ni sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kupika hakuiondoi. Anika juu ya turubai, toa punje zilizooza, pima unyevu kabla ya kupakia, na usifunge turubai la lori juu ya magunia yaliyonyeshewa.