Wikendi katika Nyumba za Wachimba Shaba

Kasese haina bahari. Anayetaka kulala katika jumba la kale lenye upepo wa chumvi itambidi aende hadi Unguja. Lakini kwa mkazi wa magharibi mwa Uganda, historia ya kulala ndani yake ipo karibu zaidi. Kilomita kama 12 kutoka mjini Kasese, kwenye bonde la mto Nyamwamba, nyumba walizojengewa wafanyakazi wa mgodi wa Kilembe zimekarabatiwa zikawa hosteli ya wageni.

Mahali penyewe ni Kyanjuki, mwinuko wa mita 1,450 hivi. Wenye hosteli ni Rwenzori Trekking Services, kampuni inayopandisha watu mlimani kwa njia ya Kilembe. Hakuna marumaru hapa, wala bwawa la kuogelea. Kuna chumba cha kawaida, paa la mabati, baridi ya jioni inayomfanya mgeni aombe blanketi la pili, na mngurumo wa mto usionyamaza usiku kucha.

Asubuhi ndiyo saa ya kutoka nje mapema. Waongozaji na wapagazi, wengi wao Wakonzo wa bonde hilihili, hukusanyika kugawana mizigo: mahema, sufuria, unga, na gambuti, kwa sababu huko juu matope ya Rwenzori humeza viatu vya kawaida. Wapandaji huanza safari ya siku kadhaa kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109. Mgeni wa wikendi hana haja ya kuwafuata. Yeye atembee mgodini.

Shaba ya Kilembe ilitambuliwa mwaka 1906, mwaka uleule ambao Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia, alifika Margherita. Ilikaa ardhini nusu karne. Uchimbaji wenyewe ulianza mwaka 1956, reli kutoka Kampala ilipofika Kasese, chini ya kampuni iliyokuwa mikononi mwa Falconbridge ya Kanada. Madini yalishuka bondeni, yakapakiwa kwenye treni, yakaenda kuyeyushwa Jinja. Kwa miaka kadhaa shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa ambazo Uganda iliuza nje, na Kilembe ikawa mji kamili wa kampuni, wenye hospitali, shule na safu za nyumba zilizopandana kwenye kuta za bonde. Kisha bei ya shaba ikaanguka, utawala wa Idi Amin ukavuruga uchumi, mashine zikakosa vipuri. Kufikia mwaka 1982 uzalishaji ulikuwa umekoma.

Nyumba zilibaki, na watu wakabaki ndani yake. Ndiyo maana kutembea Kilembe hakufanani na kutembelea makumbusho: nguo zimeanikwa mbele ya nyumba za kampuni, watoto wanapita wakitoka shule, na vyuma vya mgodi vimesimama vikiota kutu kando ya njia. Mwongozaji aliyezaliwa humu anaweza kukuonyesha baba yake alikofanyia kazi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo lina thamani zaidi kuliko kitanda cha nakshi cha Unguja.

Chakula kisimpite mgeni. Ugali wa muhogo, ambao Wakonzo huuita obundu, huliwa kwa sombe, yaani kisamvu, au kwa samaki wa ziwa George, na kahawa ya miteremko ya Rwenzori hunywewa palepale inapolimwa.

Mto nao una habari yake. Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba na madaraja, ukaua watu na kuacha maelfu bila makazi. Mwaka mmoja kabla, moto ulikuwa umeunguza uoto wa juu mlimani, ule unaozuia maji yasishuke kwa kasi. Mei 2020 mafuriko yalirudi yakaharibu hospitali ya mgodi. Mawe makubwa kama magari bado yamelala kwenye mkondo wa mto, na kila anayefikiria kukarabati jengo lingine hapa lazima aanze kwa kuuliza liko umbali gani kutoka ukingoni.

Zanzibar inaweza kuifundisha Kilembe jambo. Mji Mkongwe ulipata mamlaka yake ya hifadhi mwaka 1985, miaka 15 kabla ya kuingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hoteli zilizofufua majumba ya wafanyabiashara zilikuta tayari kuna ofisi ya kusimamia chokaa, mbao na milango. Huku kwetu, UNESCO iliitambua Hifadhi ya Milima ya Rwenzori mwaka 1994, lakini mpaka wa hifadhi uko juu ya mji wa wachimbaji, hivyo nyumba zao hazimo ndani yake.

Majengo mengi bado yamefungamana na hatima ya mgodi. Mwaka 2013 serikali iliukabidhi kwa kampuni ya Kichina ya Tibet Hima, na mwaka 2017 mkataba huo ukavunjwa. Kila anapotajwa mwekezaji mpya, mazungumzo huwa juu ya shaba na kobalti. Nyumba na wapangaji wake wanastahili kuandikwa kwenye mkataba huohuo: ni zipi zitunzwe, ni nani atapewa nafasi ya kwanza kuzifanya za wageni, na familia zinazoishi humo zitalindwa vipi.

Kutoka Kampala, basi hufika Kasese kwa saa sita au saba kupitia Fort Portal. Kutoka hapo bodaboda hupanda hadi Kyanjuki, na dereva yeyote mjini anaijua njia.